Utawala, Usimamizi, Uongozi: Jinsi Mwalimu Mkuu Alivyopelekwa Chuoni

Kila mwaka, wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, tunakaa nao kusikiliza waliyoyaona huko shuleni. Wengi husimulia juu ya madarasa makubwa na vitabu vichache. Lakini kuna jambo moja ambalo halikosi kujitokeza: katika shule fulani Kiswahili kina vipindi vyake, kina mwalimu wake, na wanafunzi wanakipenda, katika shule nyingine, ya wilaya ile ile na yenye mtaala ule ule, somo limo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani tu. Tukiuliza sababu ya tofauti hiyo, jibu huwa lile lile: inategemea mwalimu mkuu.

Ikumbukwe kwamba hapa Uganda mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika mwaka 2020, umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Sheria ya karatasi tunayo. Lakini anayegawa vipindi, anayeomba mwalimu, na anayeamua fedha za vitabu ziende wapi, ni mkuu wa shule. Kwa sababu hiyo swali ambalo baadhi ya wanafunzi wetu hutuuliza kwa aibu kidogo, kana kwamba ni tamaa ya cheo, sisi tunaliona kuwa swali la msingi: je, mwalimu wa Kiswahili akitaka kuwa mkuu wa shule, asome nini, na wapi?

Katika makala haya hatutatoa orodha ya vyuo na ada zake. Tunataka kusimulia historia ya mafunzo yenyewe, kwa sababu tunaamini kwamba anayejua yalikotoka ataweza kuyachagua vizuri zaidi. Na kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tutaifuata historia hiyo kwa kushika maneno matatu ambayo wengi wetu huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja: utawala, usimamizi na uongozi.

Mwalimu kwanza, mkuu baadaye

Tuanze na jina la cheo chenyewe. Kiswahili kinasema "mwalimu mkuu". Hapo nomino ni mwalimu. "Mkuu" ni kivumishi kinachotueleza ni mwalimu wa namna gani. Kiingereza nacho kilikuwa hivyo hivyo. Neno "principal" wanalolitumia Wamarekani lilianza kama kivumishi: katika karne ya 19 shule yenye walimu kadhaa ilikuwa na mmoja wao aliyewatangulia wenzake, akafundisha darasa lake kama wao, na juu ya hayo akatunza ufunguo na daftari. Shule zilipokua, alitoka darasani akakaa ofisini, na neno "mwalimu" likadondoka. Kikabaki kivumishi peke yake, kikageuka kuwa nomino.

Jambo kama hilo linaonekana katika Kiswahili. Nchini Tanzania shule ya msingi ina "mwalimu mkuu", lakini shule ya sekondari ina "mkuu wa shule". Kadiri shule inavyopanda ngazi, ndivyo ualimu unavyotoweka katika jina la anayeiongoza. Kwa Kiganda pia tunasema "omukulu w'essomero", mkubwa wa shule, na mwalimu hatajwi. Hatusemi kwamba waliobuni maneno haya walikusudia hivyo. Tunasema tu kwamba maneno yameweka kumbukumbu ya safari ambayo watu wameisahau.

Katika Afrika Mashariki, kwa miongo mingi hakukuwa na mafunzo yoyote ya ukuu wa shule. Shule kubwa za bweni za wamisionari, kama King's College Budo iliyofunguliwa mwaka 1906, ziliongozwa na watu walioletwa kutoka Uingereza kwa sababu ya imani na elimu yao ya jumla. Carey Francis, ambaye jina lake halijasahaulika Kenya, alikuwa mhadhiri wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliacha kazi hiyo mwaka 1928 akaja kuongoza shule ya Maseno, kisha kuanzia mwaka 1940 hadi 1962 akawa mkuu wa Alliance High School. Alijifunza kazi kwa kuifanya. Na alipostaafu ukuu hakurudi kwao kupumzika; alikwenda kufundisha katika shule ya sekondari Pumwani, Nairobi, mpaka alipofariki mwaka 1966. Aliyekuwa mkuu alirudi kuwa mwalimu, wala hakuona kuwa ameshuka.

Waafrika wenyewe walipita njia ndefu zaidi. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Tanzania kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, alianza kama mwalimu wa shule ya Mangapwani, Unguja, akawa mwalimu mkuu wa shule hiyo hiyo, na baadaye akaongoza chuo cha ualimu Zanzibar. Utaratibu ulikuwa huo: fundisha vizuri, fundisha muda mrefu, wakubwa wakuone, kisha ukabidhiwe ofisi. Ulikuwa na uzuri wake, kwani aliyepewa ukuu alikuwa amethibitika darasani. Lakini ulikuwa na kasoro pia. Aliyekabidhiwa ofisi hakufundishwa kitu juu ya fedha, juu ya ugomvi wa walimu, wala juu ya kumkagua mwenzake bila kumvunja moyo. Aidha, asiyeonwa na wakubwa hakuwa na mlango mwingine wa kupitia.

Jaribio la Kabete

Jaribio la mapema la kumchukua mwalimu mzoefu na kumrudisha chuoni ili aweze kusaidia shule nyingine lilifanyika jirani yetu, Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ya Marekani ilizunguka Afrika Mashariki kuchunguza hali ya elimu. Mwaka uliofuata, 1925, ikafunguliwa Kabete shule iliyoitwa Jeanes, na aliyeiongoza mwanzoni alikuwa James Dougall, ambaye alikuwa mmoja wa watumishi wa tume hiyo.

Jina hilo lilitoka mbali. Anna Jeanes alikuwa mama wa Philadelphia ambaye mwaka 1907 alitoa dola milioni 1 kusaidia shule ndogo za watu weusi katika majimbo ya kusini ya Marekani. Mwaka 1908 Virginia Randolph, mwalimu mweusi wa wilaya ya Henrico, jimboni Virginia, akawa wa kwanza kulipwa kutokana na mfuko huo. Kazi yake ilikuwa kutembelea shule za vijijini, kukaa na walimu wake, kuwaonyesha namna ya kufundisha na namna ya kuishirikisha jamii inayoizunguka shule.

Kabete ilifuata mfano huo. Walimu waliokwisha fundisha waliletwa pamoja na wake zao, wakasoma, kisha wakarudishwa makwao kutembelea na kuinua shule za vijiji. Hatupaswi kuificha kasoro ya mpango huu: ulitokana na fikra za kikoloni kwamba Mwafrika anafaa kupewa elimu ya kijijini, na Waafrika wengi waliokuwa wakidai elimu ya juu waliuona hivyo. Hata hivyo, namna ya kazi yenyewe inafaa kukumbukwa. Mwalimu wa Jeanes hakuwa bosi. Alifika shuleni, akashika chaki, akafundisha mbele ya mwenzake. Mamlaka yake yalitokana na yale aliyoweza kuyaonyesha kwa mikono yake.

Enzi ya utawala

Wakati huo huo, huko Marekani kwenyewe, wazo tofauti kabisa lilikuwa linakua mijini. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji ya Marekani ilikuwa inajaa wahamiaji, na shule zake zilikuwa zinajaa watoto. Mji mmoja ungeweza kuwa na makumi ya shule, mamia ya walimu na fedha nyingi za kodi. Wakubwa wa miji walitaka watu wa kuziendesha kama viwanda na mabenki yalivyoendeshwa.

Mwaka 1905 chuo cha Teachers College, kilichoko New York katika Chuo Kikuu cha Columbia, kiliwapa shahada ya udaktari watu wawili ambao baadaye walitawala fani hii kwa miongo kadhaa: Ellwood Cubberley na George Strayer. Historia ya Cubberley inafundisha. Yeye mwenyewe hakuwa amesomea elimu. Alisomea sayansi katika Chuo Kikuu cha Indiana, akawa mkuu wa shule zote za mji wa San Diego, na mwaka 1898 akaajiriwa Stanford kufundisha jambo ambalo lilikuwa bado halijapata vitabu. Ikabidi aviandike. Katika kitabu chake cha mwaka 1916 juu ya uendeshaji wa shule za umma, alizifananisha shule na viwanda ambamo watoto ni malighafi inayotengenezwa kulingana na mahitaji ya jamii.

Kutokana na mbegu hizo vyuo vikuu vya Marekani vikawa na idara za utawala wa elimu. Majimbo nayo yakaanza kudai kwamba anayetaka kuwa mkuu wa shule awe na cheti maalumu, na cheti hicho kwa kawaida kilipatikana kwa kusoma baada ya shahada ya kwanza. Hapo ndipo mafunzo ya uzamili ya wakuu wa shule yalipozaliwa kama tunavyoyajua: sheria za elimu, fedha za shule, majengo, takwimu, utumishi.

Neno linalofaa hapa ni "utawala". Kitenzi "tawala" kimetoka Kiarabu, na maana yake ni kushika mamlaka juu ya watu na nchi. Anayetawala anakaa juu; walio chini hupokea amri na kutuma taarifa. Ndivyo mkuu wa shule alivyofundishwa kujiona katika enzi hiyo.

Njia ya kuja kwetu

Wazo hili lilitufikia wakati wa uhuru. Mwaka 1961 ulianzishwa mpango wa kuleta walimu Afrika Mashariki, ulioendeshwa na Teachers College ya New York ile ile. Zaidi ya Wamarekani 400 walikuja katika miaka michache, wengi wao wakipitia Makerere kusomea ualimu kabla ya kutawanywa katika shule za sekondari za Uganda, Kenya na Tanganyika. Hawakuja kuwa wakuu wa shule. Walikuja kujaza madarasa yaliyokuwa yakifunguliwa kwa kasi kuliko walimu walivyopatikana. Lakini ujio wao ulionyesha ukubwa wa pengo. Kama walimu hawatoshi, wakuu wa shule wangetoka wapi wageni watakapoondoka?

Jibu la haraka lilikuwa kuwachukua wahitimu vijana wa Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, vyuo ambavyo kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 vilikuwa sehemu za Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Jibu la polepole lilikuwa kuanzisha katika vyuo hivyo masomo ya uzamili ya utawala na mipango ya elimu. Masomo haya yalitoa wasomi wengi. Lakini wengi wao hawakubaki shuleni: wizara zilikuwa changa, na mwenye shahada ya pili alihitajika makao makuu. Kwa hiyo ikawa kwamba shahada iliyokusudiwa kumtayarisha mtu kuongoza shule ilimtoa shuleni. Hali hiyo hatuwezi kusema kuwa imekwisha. Mara ngapi tumemsikia mwalimu akisema anakwenda kusoma uzamili "ili atoke kwenye chaki"?

Enzi ya usimamizi

Kilichobadilisha mambo kilikuwa idadi ya watoto. Mwezi wa Novemba 1974, mjini Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe Tanzania kufikia mwaka 1977. Shule zilifunguliwa vijijini kwa wingi, na vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha. Shule nyingi ziliongozwa na watu ambao wenyewe walikuwa wageni katika kazi ya ualimu. Mwaka 1979 ikaanzishwa taasisi ya MANTEP, ambayo makao yake yako Bagamoyo, kwa ajili ya kuwafundisha uendeshaji watumishi wa elimu. Kenya ilifuata mwaka 1981 kwa kuunda chuo cha watumishi wa elimu kilichojulikana kwa kifupi kama KESI, kikapewa nguvu ya kisheria mwaka 1988, na mwaka 2010 kikabadilishwa jina kuwa KEMI.

Taasisi hizi hazikuwa vyuo vikuu. Zilimchukua mwalimu mkuu aliyeko kazini, zikakaa naye wiki kadhaa au wakati wa likizo, zikamfundisha kuandika bajeti, kutunza stoo, kuendesha kikao na kuandaa mpango wa maendeleo ya shule. Majina yao ya Kiingereza yalibeba neno lililokuwa limechukua nafasi ya utawala, yaani usimamizi.

Wanafunzi wetu wa mofolojia watatusaidia hapa. "Simamia" ni "simama" iliyotiwa kiambishi cha kauli ya kutendea. Anayesimamia amesimama pale pale kazi inapofanyika, kwa ajili ya kazi hiyo. Hakukaa kwenye kiti cha enzi. Huo ulikuwa mwendo wa mbele. Lakini mtu anaweza kusimamia ujenzi bila kujua kuchanganya saruji, na anaweza kusimamia shule kwa miaka 10 bila kuingia darasani hata mara moja.

Kwetu Uganda mzigo ulikuja kwa kishindo. Mwaka 1993 ulikuwa umeanzishwa mfumo wa kuwaendeleza walimu wa msingi, uliojulikana kama TDMS, ambao uliwapa walimu wakuu mafunzo kupitia vyuo vya ualimu na wakufunzi wanaozunguka vituoni. Mwaka 1997 ada ikaondolewa, na wanafunzi wa shule za msingi waliokuwa takriban milioni 3 mwaka uliotangulia wakapita milioni 5. Tanzania iliondoa ada mwaka 2001, na wanafunzi wake wakaongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2004. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2003. Kutoka takriban milioni 5.9 wakawa zaidi ya milioni 7.

Tufikirie maana ya tarakimu hizi kwa mtu mmoja. Mwalimu mkuu aliyezoea kupokea ada na kuipeleka wilayani sasa anapokea ruzuku inayohesabiwa kwa kila mwanafunzi, anafungua akaunti ya benki pamoja na kamati ya shule, anamlipa fundi, anabandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo ili wazazi wasome. Katika nchi zetu wako walimu wakuu waliopoteza kazi si kwa wizi, bali kwa kutojua kutunza stakabadhi. Mtu huyo alihitaji mafunzo kama mgonjwa anavyohitaji dawa, na kumwambia asubiri shahada ya uzamili kungekuwa dhihaka.

Enzi ya uongozi

Neno la tatu liliingia kwa kishindo kidogo zaidi. England ilianzisha mwaka 1997 cheti cha kitaifa cha wakuu wa shule, na mwaka 2000 ikafungua Nottingham chuo cha taifa ambacho jina lake lilitaja uongozi wa shule. Kuanzia mwaka 2004 mkuu mpya alitakiwa awe na cheti hicho au awe anakisomea. Kufikia mwaka 2009 kikawa lazima kabisa. Ilipofika mwaka 2012 sharti likaondolewa. Scotland, nchi jirani, ilikwenda upande mwingine: tangu Agosti 2020 anayeteuliwa kwa mara ya kwanza kuwa mkuu wa kudumu wa shule ya umma hana budi kuwa amefikia kiwango maalumu, na njia ya kawaida ya kukifikia ni kozi ya ngazi ya uzamili inayotolewa na vyuo vikuu, ambayo sehemu yake kubwa hufanyika ndani ya shule ya mwanafunzi mwenyewe.

Mwaka 2001 MANTEP nayo iligeuzwa kuwa wakala wa serikali, ADEM. Hapa tunawaomba wasomaji wasimame kidogo. Jina la Kiingereza la wakala huu bado linasema usimamizi wa elimu. Jina lake la Kiswahili ni Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu. Aliyelitafsiri hakufuata neno kwa neno. Kwa makusudi au kwa hisi ya lugha tu, Kiswahili kilisema "uongozi" pale ambapo Kiingereza kilibaki nyuma.

Rwanda nayo, kupitia Chuo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha Rwanda kikishirikiana na shirika la Kibelgiji la VVOB, ilianzisha stashahada ya uongozi wa shule kwa walimu wakuu walioko kazini. Viwango vilivyowekwa nchini humo kwa ajili ya kiongozi wa shule ni vitano: kuipa shule mwelekeo, kuongoza ujifunzaji, kuongoza ufundishaji, kuiendesha shule kama taasisi, na kushirikiana na wazazi na jamii. Tazameni mpangilio wake. Fedha na majengo yamo, lakini ni sehemu moja tu kati ya tano. Mbili zinamrudisha darasani.

"Ongoza" lina undugu na "ongoa", kumwelekeza mtu kwenye njia iliyonyooka. Anayeongoza anatangulia, na ili atangulie lazima aijue njia. Mwalimu wa Jeanes aliyeshika chaki mbele ya mwenzake alikuwa kiongozi kwa maana hii, miaka mingi kabla neno hilo halijawa la kisasa.

Hukumu kutoka nyumbani

Hukumu kali juu ya mafunzo haya ilitoka pale pale yalikozaliwa. Mwaka 2005, miaka 100 kamili tangu udaktari wa Cubberley na Strayer, Arthur Levine, aliyekuwa mkuu wa Teachers College, alitoa ripoti juu ya vyuo vya Marekani vinavyowafundisha wakuu wa shule. Alieleza kwamba programu nyingi zilikuwa dhaifu: masomo yasiyounganika, viwango hafifu vya kudahili, wahadhiri wasiojua shule za leo zilivyo, mazoezi ya kazi ya kubahatisha, na vyuo vilivyojali ada kuliko ubora. Alitaja pia chanzo kimoja cha tatizo: walimu wengi walisomea shahada hizo kwa sababu tu mshahara hupanda anapozipata, wala hawakuwa na nia ya kuongoza shule.

Tunapoyasoma hayo hatuwezi kuwacheka Wamarekani. Nchini kwetu Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 iliweka shahada ya kwanza kuwa kiwango cha chini cha mwalimu. Ni hatua njema. Lakini kila mtu akiwa na shahada ya kwanza, anayetaka ukuu atatafuta ya pili ili ajitofautishe, na vyuo vikuu, chetu kikiwamo, vitafurahi kupokea ada. Tusipoangalia, tutarudia kosa lile lile: karatasi nyingi, wakuu wachache. Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Tunachowaambia wanafunzi wetu

Turudi kwenye swali la mwanzo. Historia hii inatupa mambo matatu ya kumwambia mwalimu wa Kiswahili anayetazama ofisi ya mkuu wa shule.

Kwanza, asione kwamba anaiacha lugha. Kazi ya mkuu wa shule karibu yote hufanywa kwa maneno: kuwasikiliza walimu wanaogombana, kuandika barua ya onyo bila matusi, kuwaeleza wazazi kwa nini ruzuku haikutosha. Mafunzo mengi ya uzamili katika nchi zetu hutolewa kwa Kiingereza, lakini mkutano wa wazazi hauendeshwi kwa lugha ya tasnifu. Anayeweza kuihamisha elimu hiyo kutoka Kiingereza cha chuoni hadi lugha ya watu ana mtaji ambao wenzake hawana.

Pili, kabla hajalipa ada, aulize maswali. Je, kozi hii itanipeleka katika shule halisi nikae na mkuu mzoefu, au itaishia kwenye ukumbi wa mihadhara? Anayenifundisha amewahi kuendesha shule? Je, nitajifunza kumkagua mwalimu darasani na kuzungumza naye baadaye, au nitajifunza nadharia za wataalamu na miaka yao tu? Kozi inayojibu vizuri maswali haya inafaa, iwe stashahada au uzamili. Isiyojibu haifai, hata kama kofia yake ya mahafali inapendeza.

Tatu, asiache kufundisha. Hata kipindi kimoja kwa wiki kinatosha kumkumbusha mkuu kelele za darasa la watoto 90 zilivyo, na walimu wake wataona kwamba anayewaongoza anaijua njia.

Hatutarajii kwamba kila shule itakayoongozwa na mwalimu wa Kiswahili itakuwa shule bora, wala hatuombi upendeleo kwa somo letu. Tunachoomba ni kwamba ratiba ikiandikwa iwe na mtu mezani anayejua kipindi cha lugha kina thamani gani. Ili mtu huyo awepo, baadhi ya wanafunzi wetu lazima waache aibu, wajaze fomu, na waende kusoma. Watakaporudi, tutafurahi kuwaita kwa jina la zamani, lile lenye mwalimu ndani yake: mwalimu mkuu.